Mboga Zinazowaka Moto

Shoga, uko wapi? Mwanangu amenikana mbele za watu!

Leo alihutubia chuoni kwake habari za neno araki, ile pombe kali. Mimi na gauni langu jipya, mstari wa mbele. Akasema ni neno la Waarabu, maana yake jasho, kwa vile pombe ile hudondoka tone tone. Waturuki wakalichukua, Wahindi wakalichukua, hadi Wamongolia huko kwenye baridi. Watu wanapiga makofi, na mimi napiga!

Binti mmoja akamuuliza, "Profesa, umewahi kuiona ikipikwa?"

"Hapana. Nimeisoma vitabuni tu."

Vitabuni, shoga! Yule aliyekuwa akilala nyuma ya pipa letu la kupikia araki akifuata joto! Wewe mwenyewe ulimbeba mgongoni siku polisi walipotumwagia mitungi yote.

Mwishoni akanitambulisha kwa mkuu wake. "Huyu mama yangu. Aliuza mboga."

Mboga!

Nikampa mkuu mkono wangu huu wenye kovu la kuungua kwa bomba la pipa lile. Nikamwambia, "Ndiyo baba, mboga. Ukizisogezea kiberiti zinawaka."

Mkuu alicheka hadi machozi. Mwanangu hakucheka. Alinitazama kwa woga, kama alivyowatazama wale polisi akiwa mgongoni mwako.