Jina Lililofungwa Kabla ya Mtoto

Moshi, 6 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Magoti yanaendeleaje?

Mama, daktari amesema ni wa kike. Amesema pia Priska, kwa miaka yake arobaini na miwili, ashukuru kwa huyu mmoja, asitegemee mwingine. Desturi naijua: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Sasa huyo wa pili hayupo, na mama mkwe kule Mkuu, Rombo, hana mtoto mwingine zaidi ya Priska. Tangu Krismasi mnatupigia simu kwa zamu, mpaka Priska anajificha bafuni.

Basi tumechagua jina na tumelifunga. Nimelipitisha kwenye programu, likatoa alama. Kazini kwetu tunaiita hashi. Jina lile lile hutoa alama ile ile siku zote, lakini kutoka kwenye alama huwezi kurudi kwenye jina, kama unga usivyorudi kuwa mahindi. Nimempa kila bibi nakala. Siku ya ubatizo nitalipitisha tena mbele yenu, muone hatukubadilisha kwa kumwogopa mtu. Alama iko nyuma ya karatasi hii, inaanza na 9c4ee1. Ina herufi na tarakimu sitini na nne.

Mwanao,
Tito

Machame, 10 Aprili 2025

Tito mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi mzima, magoti yananisema kila nikipanda kutoka kihambani kwenye migomba.

Nimekusomesha miaka yote ile ili uje kunificha jina la mjukuu wangu? Nilikaa dirishani na hiyo alama yako. Nikahesabu herufi E, nikasema labda ndilo jina langu Elisifa linachungulia. Ziko saba. Nikaiacha hapo nikaenda kukata majani, kurudi mbuzi ameila. Anatafuna huku ananitazama. Niandikie nyingine, na iwe fupi, macho yangu hayana nguvu za sitini na nne.

Sikuulizi jina. Ila ukitaka kuniambia, barua zako hasomi mtu mwingine.

Mama yako

Moshi, 14 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Shikamoo, na pole kwa mbuzi.

Fupi hii hapa, herufi arobaini na nne, inaanza na nE7h. Usishtuke kuona haifanani na ile ya kwanza. Ni alama ile ile kwa umbo jingine, kama maziwa yaliyotoka kwenye kibuyu yakaingia kwenye jagi. Ndiyo kazi inayonipa mshahara, Mama: ninaandika maktaba ya programu inayogeuza alama hizi, ndefu ziwe fupi, fupi ziwe ndefu, bila kupoteza chochote.

Mwanao,
Tito

Machame, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Hatujambo, ng'ombe pia hajambo. Maktaba gani haina hata kitabu kimoja? Na hiyo alama yako mwishoni ina alama ya sawasawa, halafu hakuna jibu. Mwalimu wako wa hesabu angekuchapa.

Goodness, karani wa ofisi ya usharika, ana kompyuta. Anasema jina moja tu linabahatishika: unapitisha majina ya ukoo moja moja mpaka alama zigongane. Nimemwambia huo ni udanganyifu na mimi ni mzee wa kanisa. Tunaanza Jumatatu.

Mama yako

Machame, 22 Aprili 2025

Ndugu Tito,

Mimi mzima. Maziwa ninayowatumia hayatakuja kwa muda. Msalimie Priska.

Elisifa Swai

Moshi, 25 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena. Mwezi mzima simu hupokei. Jumamosi moja nilipanda nikakuta mlango umefungwa, jirani akasema umekwenda Rombo. Rombo una nani, Mama, ukimtoa mama mkwe?

Mtoto amezaliwa juzi, kilo tatu na nusu, wazima wote wawili. Priska amekunywa mtori wa ndizi wa kununua badala ya wako, akaangalia ukuta.

Leo nimempata Goodness. Ameniambia mlianza na "Elisifa", programu yake ikatoa alama ndefu, akailinganisha na ile fupi yangu, hata herufi moja haikufanana. Ukafunga kompyuta kwa mkono wako mwenyewe, hukumruhusu ajaribu jina la pili. Mama, ile ndefu yake na ile fupi yangu ni kitu kimoja! Nilikuandikia! Mtoto anaitwa Elisifa. Tulichagua siku ile ile tuliyotoka kwa daktari.

Njoo, nakuomba.

Mwanao,
Tito

Machame, 27 Mei 2025

Tito na Priska, wanangu,

Mungu ashukuriwe kwa mtoto. Barua nimeisoma nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa. Goodness amekuja hadi jikoni kwangu, akaigeuza fupi ikawa ndefu, ikafanana na ile yetu ya "Elisifa" mwanzo hadi mwisho. Nimemfanya arudie mara tatu. Nimelia, siwafichi.

Lakini sikilizeni. Nilipodhani si langu, wiki nzima nilimchukia mama yake Priska, mpaka chai ikawa chungu. Nikaona nitakufa vibaya. Nikafunga mkungu wa ndizi na kitenge kipya, nikaenda Mkuu. Nikamwambia, "Winfrida, jina ni lako, nimeridhika." Yule mama alikaa chini pale pale, juu ya majani ya ng'ombe, akalia. Akasema alijua jina lake litazikwa naye. Nilikaa kwake siku nne. Anakoroma. Ameshatangaza Rombo nzima, ila nilimwomba ninyi asiwaambie mpaka siku ya ubatizo.

Sasa mimi nikamnyang'anye kwa kompyuta? Andikeni Winfrida. Priska asibishane nami. Na wewe Tito, siku ya ubatizo usije na programu yako. Akiuliza mtu, sema imeharibika. Utakuwa uongo mdogo, nitautubu mimi.

Mlinichagua kabla ya kumwogopa mtu. Hilo ninalo, na linanitosha.

Kesho nashuka na mtori. Winfrida mkubwa amefika hapa tangu asubuhi kunisaidia, anamenya ndizi nusu anatupa. Sijamwambia kitu, wala ninyi msimwambie.

Bibi yake Winfrida