Daftari la Chakula Nililolijaza Uongo

Mpendwa Mshauri, nisaidie, ila usinionee huruma, huruma nimeshashiba.

Mimi ni fundi cherehani, binti yangu wa miaka sita ana usonji, anakula mkate uliotolewa ukingo, kiazi cha kuchemsha kisichoguswa na kitu kingine na maji ya kikombe cha bluu, basi, ukimwekea jani moja la mboga sahani anaisukuma na siku imeharibika, choo anafunga siku nne tano analia amejikunja, ndiyo maana kliniki wakampima damu na choo, wakanipa na daftari niandike kila anachokula kwa wiki mbili. Sasa mama mkwe ndiye anayenisindikiza kliniki, tangu mwanzo anadai mtoto kawa hivi kwa sababu simlishi, na daftari alikuwa analifungua kila jioni, basi nikaandika mboga, maharage, papai, samaki, karamu tupu. Majibu yametoka, madini ya chuma yako chini, mtaalamu wa lishe akasema, "Mama, kwa chakula kizuri hivi, huenda utumbo haufyonzi," na Jumatatu wanataka kumdunga sindano ya usingizi wampitishe kamera tumboni. Mimi mbele ya mama mkwe siumbuki ng'o, bora nisimpeleke kabisa, nimwachishe mkate kama jirani yangu anavyoshauri, ninunue na unga wake wa kusafisha utumbo, anasema unatoa usonji. Nimekosea?

Fundi Cherehani

Fundi, huruma sikupi, umeikataa mwenyewe.

Umekosea, tena sana. Umempa mtaalamu vipimo vya mtu mwingine, halafu unataka nguo imkae binti yako. Wanatafuta ugonjwa ulioutunga wewe. Kamera huenda isihitajike, huenda bado ikahitajika, lakini waamue kwa ukweli.

Unga wa jirani ubaki kwa jirani. Hakuna unga unaotoa usonji. Damu na choo vilipimwa ili tumbo lipone na mwili upate nguvu, si kumsaka mkosaji. Na mkate usimwachishe kwa akili yako: mtoto ana vyakula viwili, ukiondoa kimoja atakula nini?

Sasa nisikilize vizuri. Usonji hauletwi na mapishi ya mama. Mwambie mama mkwe kwa adabu, ukimtazama usoni: "Mama, nakuheshimu, ila daftari hili ni la mwanangu na daktari wake." Akinuna, anune. Nami nilikuwa na mama mkwe wa aina hiyo, alinuna miaka miwili na hakuna aliyekufa.

Kesho asubuhi, usingoje Jumatatu, nenda kliniki peke yako. Sema, "Daftari lile nilidanganya, niliogopa." Aibu ya dakika tano. Chukua jipya, uandike mstari wa kwanza: mkate bila ukingo, kiazi, kikombe cha bluu. Wamesikia makubwa kuliko hayo, watakufundisha kuanzia hapo.

Na kiburi ulichonijia nacho usikiache nyumbani. Binti yako hawezi kusema wapi panamuuma, na wewe ndiye mdomo wake.