Nyoosha Mbele, Kisha Kulia

Kairo, Rod al-Farag
6 Machi 1984

Mwanangu Nashat,

Salamu zangu zikukute huko Kuwait na afya yako, na kile kikohozi kiwe kimekuacha. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua. Hali ya baba yako ndiyo siijui. Alitoka Jumamosi baada ya chai, hajarudi mpaka leo.

Unajua alivyoanza kusahau. Juzi aliniita kwa jina la marehemu shangazi yako. Asubuhi ile akasema amechelewa, anakwenda kupiga muziki harusini. Ile kanuni yake, kinanda cha nyuzi, kaiacha kitandani, kavaa zile pete zake mbili za kupigia nyuzi. Mimi nilidhani anakwenda dukani, nikaendelea kuosha vyombo.

Nimeuliza mtaa mzima, na watu wetu unawajua, hakuna Mkairo anayetamka "sijui". Muuza peremende anasema, "Usta Bayumi? Mumeo kapita sasa hivi, Mama Nashat! Nyoosha mbele, kisha kulia." Nikanyoosha, nikakata kulia, nikakuta ukuta. Kinyozi naye akanirudisha nilikotoka, kwa heshima zote.

Wewe ndiye uliyekuwa ukizurura naye kila wiki. Mimi nilibaki jikoni, nikanuna mkirudi mmeshiba. Niambie mlikuwa mkienda wapi.

Mama yako,
Inshirah


Kuwait
17 Machi 1984

Mama yangu kipenzi,

Naibusu mikono yako na kuyapa pole magoti yako. Kikohozi kimepungua. Barua yako nimeisomea juu ya jukwaa la ujenzi, ikabidi nishuke nikae chini. Nimemwomba bosi ruhusa. Pasi yangu ya kusafiria iko kwenye sefu yake. Amecheka, ati, "Nyie Wamisri baba zenu hupotea kila mwaka."

Nenda Husainia, nyuma ya mabucha, umuulize Bi Galila anayeuza utumbo uliojazwa wali. Baba alikuwa akisema hakuna wa kumfikia. Usikasirike, Mama. Kisha Darb al-Ahmar, kwenye nyumba yenye dirisha kubwa la mbao za kuchonga. Aliwahi kupiga muziki wa harusi humo ujanani, na kila tukipita lazima aliamkie lile dirisha. Mwisho Bulaq, mkahawa ulio nyuma ya wafua vyuma. Alhamisi baada ya alasiri wazee hupiga muziki wao humo, na mgeni hafiki.

Wapita njia usiwaamini. Baba mwenyewe alimwelekeza mzungu aliyetafuta stesheni, tukamkuta sokoni kwenye vitunguu. Nilipomcheka, akaniambia, "Mtu kakuuliza kwa shida yake, utamwachaje aondoke mikono mitupu?"

Mwanao,
Nashat


Kairo
4 Aprili 1984

Nashat wangu,

Natumai u mzima na unakula vizuri. Nimekwenda kote.

Bi Galila kalia kuliko mimi, akanilisha kwa nguvu. Utumbo wake mtamu, nakiri, na nimeona wivu. Ile nyumba ya Darb al-Ahmar imebomoka, dirisha limebaki peke yake ukutani. Nimeliamkia. Watu wakanitazama.

Bulaq, mwanangu, alifika! Wazee wamesema aliingia Alhamisi ya kwanza baada ya kupotea, akadai kanuni, hawana. Basi akaipiga meza. Wamenionyesha mikwaruzo ya pete zake. Wao wakamfuata kwa filimbi ya nai na dufu mpaka akamaliza, akainamisha kichwa kama yuko jukwaani, akatoka.

"Alielekea wapi?" nikauliza. Wazee wanne, wakanyoosha mikono pande nne. "Mbele hapo tu, dada, kisha kulia!" Nilikaa kwenye kiti chake nikalia. Polisi wameandika jina, wanasema kesho.

Mama yako,
Inshirah


Kuwait
6 Juni 1984

Mama,

Ramadhani njema. U hali gani? Nimeandika barua tatu, kimya. Usiku silali, na juzi nimeangusha tofali karibu limuue mwenzangu.

Sitaki maelezo marefu. Baba kapatikana au hajapatikana? Kama bado, natoroka. Kuna dereva anavusha watu jangwani bila pasi. Waliokamatwa wamefungwa, na wengine hawajaonekana tena, lakini liwalo na liwe. Siwezi kukaa hapa nikipanga matofali huku wewe unazunguka Kairo peke yako.

Mwanao,
Nashat


Kairo
18 Juni 1984

Mwanangu Nashat,

Ramadhani njema nawe, Mungu aipokee funga yako. Nisamehe kwa ukimya, mkono ulikuwa unaniuma.

Usipande gari la mtu huyo. Tulia kazini. Baba yako kapatikana. Mzima, anakula, anakuulizia kila siku. Kanuni yake nimeipangusa vumbi asubuhi, nikairudisha palepale kitandani, upande wake.

Najua utauliza, mbona hakuandikii mwenyewe, yuko wapi. Ametoka kidogo. Si mbali, mwanangu. Ni hapa hapa tu, nyoosha mbele, kisha kulia.

Mama yako,
Inshirah