Kiro Tatu za Pumba

Jumatatu, 3 Machi 1975

Nimemwosha Sukari mkia. Maji ya vuguvugu, sabuni, maji tena mpaka povu likaisha. Nikaufunga bendeji. Nikamleta mbele ya dume, ubao katikati. Akalaza masikio nyuma, akapiga ubao teke. Bado hana joto la kupandwa.

Meja anataka mtoto wa farasi. Zizi hili la Mbuya ni lake, farasi ni wake, na nadhani mimi Mkenya ananihesabu pamoja na matandiko. Shida ni kwamba Sukari aligongwa na lori. Nyonga yake haiwezi kubeba uzito wa dume. Kwa hiyo mbegu itakingwa kwa dume, kisha iingizwe kwa mrija. Hiyo ni kazi ya Daktari Lwanga. Mimi ni msaidizi wake, mwaka wa sita huu.

Sukari asiposhika mimba safari hii, Meja atampiga risasi. Alisema hivyo huku anatafuna karanga.

Mke wangu hajaandika tangu Krismasi. Alirudi Bungoma akijua nitamfuata. Sijamfuata.

Jumatano, 5 Machi

Daktari ni Mganda wa Makindye. Ulimi wake unanichekesha. Sukari humwita Sukali. Kilo kwake ni kiro. Akiandika haandiki hivyo, anaandika sawasawa kuliko mimi. Ni ulimi tu. Nami nikijaribu Kiganda anashika mbavu. Utani huo ndio mazungumzo pekee niliyo nayo katika mji huu.

Leo aliniomba nimwandikie orodha ya pumba ya wiki ijayo, ampitishie muuzaji Nakivubo akienda nyumbani. Nikaiandika kama anavyosema yeye. Jumatatu kiro 2. Jumatano kiro 3. Ijumaa kiro 3. Pumba sikuitaja, muuzaji anajua. Chini nikamwekea kumbukumbu yake, siku aliyokadiria: mbegu tayari Jumanne.

Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Akaitia karatasi kwenye mfuko wa shati.

Nimejisikia hodari siku nzima. Mtu mzima, kwa mzaha wa herufi moja.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari hakuja. Huyu hata malaria haijawahi kumzuia.

Sukari ameshika joto. Alisimama kwa dume ametulia, mkia juu, akikojoa kidogo kidogo. Nimeandika ukutani kwa chaki: siku ya kwanza. Nilitaka kumwambia mtu. Nikamwambia Sukari mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja Nalongo, mke wa Daktari. Alikaa juu ya ndoo, viatu mkononi. Alikuwa ametembea.

Askari walimsimamisha mumewe kwenye kizuizi karibu na Nakivubo, juzi jioni. Wakapekua mfuko wa shati. Muuza pumba aliona na kusikia yote. Askari alisoma ile karatasi mara mbili. Kiro, kwa Kiganda, ni usiku. Jumatatu usiku wa pili. Jumatano usiku wa tatu. Mbegu tayari Jumanne. Wakamuuliza mnakutana usiku kufanya nini, na mbegu hizo ni za nini, na wenzako ni nani. Wakamtia garini.

Nalongo aliniuliza kama najua nani aliandika karatasi ile. Nikasema sijui.

Nimeandika hapa ili nilione: nilisema sijui. Akanishukuru kwa chai, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kwa Meja nimeazimia kusema niliandika mimi. Barazani kwake azimio likaniponyoka.

Nilichosema ni hiki. Farasi ana joto. Daktari amekamatwa kwa makosa, karatasi ile ni ya pumba. Na kazi ya mrija anaijua yeye tu, mkono wangu haujui. Huo ni uongo. Nimeshaingiza mrija kwa ng'ombe wengi, na kwa farasi watatu, Daktari amesimama pembeni anapiga mluzi.

Meja akauliza mwandiko ni wa nani. Nikasema sijui, afande. Mara ya pili.

"Farasi inangoja siku ngapi?"

"Tano, afande. Labda pungufu."

Akasema ataangalia. Sijui maana yake.

Jumapili, 9 Machi

Nilikata kucha, nikasugua mkono mpaka begani, nikaingia kumpapasa. Kifuko cha yai upande wa kushoto kimekua kama limau. Bado kigumu. Kikilainika ndiyo wakati.

Naweza kuifanya peke yangu. Dume yupo, maziwa ya kuchanganyia yapo, mrija nimeuchemsha. Lakini nikiifanya, hakuna tena anayemhitaji Daktari. Nisipoifanya, Sukari anakufa, na Daktari labda haji vilevile.

Ningemuuliza mtu. Wa kumuuliza ndiye hayupo.

Jumatatu, 10 Machi

Meja amekuja mwenyewe. "Wewe Mukenya, kila siku unaona daktari anafanya. Unashindwa nini?"

  Nikasema nikikosea nitaharibu kizazi, hatazaa maisha yake yote. Meja alimtazama Sukari. Akasema joto likipita bure ataanza na yeye. Hakusema atamalizia kwa nani.

Naogopa. Daftari hili nalificha ndani ya gunia la pumba, na hata huko naliogopea. Kifuko kimeanza kulainika. Ni kesho tu. Kesho kutwa tumechelewa.

Jumanne, 11 Machi

Wamemleta saa tatu asubuhi. Hana miwani. Vidole vya mkono wa kulia vimevimba, vimefungwa kitambaa kichafu. Askari alibaki mlangoni, akatupa mgongo, akawasha sigara.

Hatukusalimiana. Daktari aliangalia chaki ukutani, akahesabu siku kwa midomo, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Tulikinga mbegu kwa dume, kwa mpira wa kukingia uliojaa maji ya moto. Nikachanganya na maziwa yasiyo na mafuta, yaliyochemshwa yakapoa mpaka joto la mwili. Nikamwosha Sukari mara tatu. Daktari alijaribu kushika mrija, ukaanguka. Nikachukua mwingine. Mkono ulikuwa wangu, sauti ilikuwa yake, chini kabisa, karibu na sikio langu. Polepole. Mbele. Hapo. Sukuma. Sukari hakutikisika hata kidogo.

Nilipotoa mkono, Daktari alinivua mfuko wa mpira niliouvaa mkononi, unaofika begani, ukiwa bado umelowa, akauvaa yeye juu ya vidole vile, ili askari akigeuka amwone nao. Machozi yalimtoka bila sauti.

Nikaanza kusema juu ya karatasi.

"Nyamaza, ssebo," akasema, akiniita bwana. "Nirisema ni mimi niriandika. Muganda kuandika kiro, wataamini. Mukenya, wangesema jasusi."

Yeye, ambaye hajawahi kukosea neno hilo kwa kalamu.

Sikumshukuru. Nilikuwa nimeinama, nafungua bendeji ya mkia.

Ijumaa, 14 Machi

Joto limekwisha. Sukari hamtaki tena dume. Meja amemruhusu Daktari alale kwake Makindye, kwa sababu farasi atahitaji kuangaliwa.

Nalongo ameniletea matooke na mchuzi wa karanga. Alipiga magoti kunisalimu, kwa heshima, kwa sababu nilimsemea mumewe kwa Meja.  Chakula chote nimemwachia mlinzi wa lango.

Jumamosi, 29 Machi

Siku ya kumi na nane tangu mrija. Nimemwosha mkia, nikaufunga, nikamleta mbele ya dume. Kama hakushika, joto lingerudi sasa. Alilaza masikio nyuma, akapiga ubao teke.

Ameshika. Meja ameambiwa. Alisema vizuri, akaendelea na karanga zake.

Daktari alikuja saa nne. Miwani mpya, vidole viwili havikunjiki. Akasema sasa chakula kiongezwe. Nikashika chaki, nikasimama ukutani, nikasubiri aseme ngapi.

 Alichukua kopo tupu la maziwa, akalichovya kwenye pumba, akalisawazisha kwa mkono wa kushoto, akalimwaga kwenye hori. Akafanya hivyo mara tatu.

"Makopo matatu," akasema.

Nikaandika makopo matatu. Hakuna aliyecheka.

Nilimkaribisha chai. Akasema Nalongo anamngoja. Alimpapasa Sukari shingoni, akamwita Sukali, taratibu, akaenda zake. Nimekunywa vikombe vyote viwili.