Niliyemwandika Mkaidi

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, baridi ya Tukuyu imeniingia hadi kwenye meno, na nina hasira.

Ninamchukia msimamizi wangu.

Naandika hapa, kwenye intaneti kafe ya mjini, kwa sababu najua hasomi blogu. Na akisoma, basi asome.

Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia tiba. Nimetoka Dar kuja hospitali ya huku kwa mafunzo ya vitendo, na huu ni mwezi wangu wa tano. Kila wiki msimamizi huyu ananitaka niandike tafakuri ya kazi yangu, na kila wiki ananirudishia karatasi: "Hii umeandika ili unifurahishe. Andika ya kweli."

Haya, ya kweli ni hii.

Jumatatu alilazwa mama wa miaka kama sitini. Sitamtaja jina wala kijiji. Tangu amzike mumewe, wiki tatu zilizopita, hajasema neno, na chakula anakigusa tu. Nilimsomea maswali ya fomu kwa Kiswahili, la kwanza hadi la mwisho. Akatazama sakafu. Nikaandika: "Mkaidi. Hataki ushirikiano." Kisha nikaenda kula.

Leo kwenye kikao msimamizi aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, mbele ya wauguzi wote.

"Nyumbani kwake wanaongea lugha gani?" akaniuliza.

"Sikufundishwa Kinyakyusa chuoni," nikamjibu kwa jeuri.

"Na yeye hakufundishwa fomu yako. Rudi kwake na Sista Atupele. Fomu niachie mimi."

Kuna muuguzi mmoja alicheka. Naye namchukia.

Nilikwenda wodini nimenuna. Sista Atupele, muuguzi mzaliwa wa hukuhuku, alivuta kiti, akamshika yule mama mkono, akamsalimu kwa Kinyakyusa: "Mwagonile." Halafu akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikataka kuondoka.

Yule mama akaanza kuongea.

Sista alinitafsiria polepole. Siku ile mumewe aliamka akisema anaumwa. Yeye akamwambia, "Wewe ni mvivu tu, chai inakomaa shambani." Mzee akaenda kuchuma. Akaanguka kati ya michai, na majirani walipomleta nyumbani alikuwa ameshakufa.

"Anasema mdomo wake ndio uliomtuma," Sista akaniambia. "Hataki kuutumia tena."

Yule mama alimwita mgonjwa mvivu. Mimi nilimwita mgonjwa mkaidi. Yeye amejifunga mdomo wiki tatu kwa ajili ya neno lile. Mimi nilikula wali maharage, nikalala vizuri.

Sikuwa na swali lolote la maana. Nikasema tu, "Mama, pole." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Mchana alikula nusu ya ndizi zake, na amekubali tuketi naye tena Ijumaa, sisi wawili na Sista.

Msimamizi aliposikia hakunisifu. Alisema, "Sasa kaandike." Nilitamani kumrushia kalamu.

Bado simpendi. Lakini si yeye aliyeandika neno lile. Ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na nikatia na sahihi.

Miezi mitano. Wangapi wengine nimewaandika hivyo, wakaruhusiwa, wakaenda zao kimya?

Kesho asubuhi naingia masjala kuyaomba mafaili yao.