Saa za Kazi Zisizofanywa

Mwenzangu, nimeumbuka!

Si unajua ofisini kwetu, idara ya takwimu, kila mwezi tunakusanya saa walizofanya kazi mafundi, ndipo tunajua ujenzi umepanda au umeshuka? Mwezi huu kampuni moja kubwa ya ujenzi haikujibu. Nikaijazia saa zake za mwezi uliopita, ndio utaratibu.

Leo mkurugenzi wetu katangaza redioni: "Ujenzi umepanda!"

UMEPANDA!

Mara kaka yangu mwashi kanipigia. "Dada, umepanda wapi? Sote mia nne tumeachishwa kazi tangu tarehe mbili."

Kampuni yake ni ileile ambayo haikujibu. Ileile!

Nikamkimbilia bosi. "Tutarekebisha mwezi ujao," akasema, macho kwenye kompyuta.

Nikampigia kaka, nikamweleza. Akauliza polepole, "Kwa hiyo kwenye karatasi zenu mimi bado najenga?"

Nikamwambia ndiyo.