Kilio cha Konde la Chini

Jumatatu, 26 Agosti

Leo tumewaachisha ziwa. Wanakondoo upande huu wa ukuta wa mawe, mama zao upande ule. Lile tundu la chini wanalopitia tumeliziba kwa bamba la jiwe, kama alivyofanya baba, na baba yake. Wananusana kwenye nyufa. Watalia hadi sauti zikauke, kisha watasahau. Siku chache za kelele, basi.

Bwana Vane kaja langoni na kandambili. Kandambili! Kwenye mavi ya kondoo.

“Joss, rafiki yangu, hawa hawana kitufe cha kuzima?”

Kaka Joss akacheka. Mimi sikucheka. Vane kutoka London alinunua nyumba ya zamani ya padri, na hili konde letu la chini tunalolishia likaenda nayo. Sisi ni wapangaji tu. Mkataba unaisha mwezi ujao.

Jumanne, 27 Agosti

Mkutano wa kijiji ukumbini, kuhusu kelele za kondoo. Keki ya zabibu, chai nyepesi, hasira nzito. Joss — mtu asiyefungua kinywa hata kanisani — kasimama kueleza kwa nini mama lazima amsikie mwanawe mpaka azoee kumkosa. Vane kamwacha amalize. Kisha:

“Kondoo wana-bleat, na mwenye kondoo naye ana-bleat.”

Watu wakacheka. Majirani zetu! Wenye keki yangu mdomoni!

Joss kakaa chini. Masikio mekundu.

Nimerudi nikafungua kamusi kubwa, ile niliyoiokota maktaba ilipofungwa. Bleat. Mlio wa kondoo, kwa Kiingereza; neno lina zaidi ya miaka elfu. Waholanzi wanalo la kufanana nalo. Hakuna msomi aliyelitunga — mtu alisimama malishoni, akamsikiliza kondoo, akamwiga. Karne kwa karne likawa la kondoo, mbuzi na ndama, halikumtukana mtu. Hii maana ya kulalamika kinyonge ilibandikwa baadaye. Kamusi haisemi ilibandikwa na nani. Mimi namjua: alivaa kandambili.

Kinyonge! Amewahi kumsikia jike aliyepotelewa na mwana?

Jumatano, 28 Agosti

Vane kapiga simu. Kwa upole — ndicho kinachoniudhi. Wanakondoo wapelekwe mbali wasisikike, la sivyo konde anampangisha mfuga farasi. Farasi wa huyo mtu ni mabubu, nadhani.

Nikamwambia Joss usithubutu. Ukimnyang’anya mama sauti ya mwanawe, ataifuata.

“Dada, bila lile konde, baridi ikija tutawalisha nini? Kamusi yako?”

Nikabamiza mlango. Kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jioni kawapakia wanakondoo kwenye trela, kawapeleka kwa binamu yetu Hilda, bonde la pili. Barabara ni moja tu, inapita mbele ya kwa Vane. Mama zao walikimbia sambamba na trela, ndani ya ukuta, hadi ukuta ukawagomea.

Alhamisi, 29 Agosti

Majike wamenyamaza. Wamesimama pembeni kabisa mwa konde, wote wakitazama barabara. Hawali. Vane kapunga mkono dirishani, kama mtu aliyeshinda. Mpuuzi.

Ijumaa, 30 Agosti

Wametoka! Wameangusha ukuta alfajiri, wakafuata njia ya trela. Ukishapita kidogo lango la Vane kuna vyuma vya kuzuia mifugo, vimelazwa barabarani kwa mianya inayonasa kwato. Kondoo havuki vile. Lango la Vane liko wazi. Wakaingia.

Wote. Tulipofika, mawaridi ya bustani kwisha. Na kilio — cha Jumatatu kilikuwa mazungumzo tu.

Imogen, mke wa Vane, katoka na gauni la kulalia, kaja moja kwa moja kwangu. “Yule anadondosha maziwa. Anaumwa?”

“Haumwi. Anaita.”

Imogen kaketi kwenye ngazi, kajifunika magoti kwa gauni. Jike mmoja kamkaribia, kamlilia usoni. Hakumfukuza.

Naandika nimeegemea nguzo ya lango. Joss ameshika ufunguo wa gari la kuvuta trela, haondoki wala hauweki mfukoni. Vane yuko dirisha la juu, anatupigia kelele. Mdomo unafunguka, unafumbika.

“Anasemaje?” Joss ananipigia ukelele sikioni. “Turudishe wanakondoo, au tutoke kwenye konde?”

Sisikii. Kondoo wamemzidi. Nimeweka mkono sikioni, nikampungia Vane: kaza sauti, bwana.